Pomboo si wa kufukuzwa: Mambo anayopasa kujua msafiri wa mlimani anayeteremka Pwani

Na MWANDISHI WETU

MSIMU wa likizo unapokaribia, pilkapilka za safari huanza kushuhudiwa katika mji wa Karatina na miji mingine iliyo chini ya Mlima Kenya kama vile Nyeri, Othaya, Kerugoya na Nanyuki. Vyama vya akiba vya wafanyabiashara wa sokoni, familia zilizojichangia kwa mwaka mzima, vikundi vya makanisa na shule hukodi matatu na mabasi kuelekea Nairobi. Kutoka huko wengi wao huabiri treni ya reli ya kisasa ambayo, tangu ilipozinduliwa Mei 31, 2017, imeufanya mji wa Mombasa uwe karibu zaidi na wakazi wa bara.

Katika ratiba za safari hizo, mbali na kutembelea Fort Jesus na kupunga upepo katika fuo za Diani, kumezuka jambo jingine ambalo huwavutia wengi. Nalo ni ziara ya baharini ya kuwatazama pomboo na, pale inapowezekana, kuogelea pamoja nao. Picha zinazosambazwa kwenye simu humwonyesha mtu akielea majini huku pomboo wakipita kando yake, na kila anayeziona hutamani naye apate bahati hiyo.

Tamaa hiyo haina ubaya wowote. Hata hivyo, ni wasafiri wachache wanaofahamu kinachompata mnyama huyo pindi mashua tano au sita zinapomzingira kwa wakati mmoja. Wachache zaidi hutambua kwamba mwenye uwezo mkubwa wa kubadilisha hali hiyo ni abiria mwenyewe, kwa kuwa nahodha mara nyingi hufanya yale anayoamini kwamba mteja wake anayataka.

Makala haya yanaeleza pomboo ni mnyama wa aina gani, anapatikana wapi, utafiti uliofanywa katika bahari yetu umebaini nini, na jinsi msafiri anavyoweza kumfurahia bila kumdhuru.

Si samaki, ni mnyama

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba pomboo si samaki, ingawa umbo lake linafanana na la samaki. Ni mnyama anyonyeshaye, mwenye damu moto, anayepumua hewa kwa mapafu kama ng'ombe au binadamu. Hana matamvua. Hupumua kupitia tundu lililo juu ya kichwa chake, na kwa hivyo ni sharti aje juu ya maji kila baada ya muda mfupi.

Pomboo jike hubeba mimba kwa takriban mwaka mmoja na huzaa mtoto mmoja. Mtoto huyo hunyonya maziwa ndani ya maji kwa muda wa mwaka mmoja na nusu, miwili au hata zaidi, na katika kipindi chote hicho huandamana na mamaye bega kwa bega. Ndiyo maana jike mmoja huzaa mara moja tu katika kila miaka mitatu au zaidi. Mfugaji wa Mathira ambaye ng'ombe wake huzaa takriban kila mwaka atang'amua mara moja kwamba kundi la wanyama wanaozaana polepole kiasi hicho haliwezi kuhimili hasara za mara kwa mara.

Kuna pia suala la usingizi. Pomboo hawezi kulala fofofo kama sisi, maana akifanya hivyo atasahau kupumua. Wataalamu wanaeleza kwamba hulaza nusu moja ya ubongo huku nusu nyingine ikisalia macho kuongoza pumzi na kuangalia hatari. Wakati wa mapumziko, kundi husogea pamoja, taratibu, likizama na kuibuka kwa mpangilio usiobadilika.

Kwa mtalii aliye kwenye mashua, kundi la aina hiyo huonekana kuwa lililotulia na rahisi kusogelewa. Kumbe huo ndio wakati ambapo mnyama anahitaji zaidi kuachwa kwa amani.

Katika bahari ya Afrika Mashariki kuna aina kadhaa za pomboo. Anayeonekana zaidi karibu na ufuo ni yule mwenye mdomo mfupi uliochongoka mfano wa shingo ya chupa, ambaye huweza kufikia urefu wa mita mbili na nusu hivi. Wa pili ni pomboo mwenye nundu mgongoni, ambaye hupenda maji ya kina kifupi na ameorodheshwa na Shirika la Kimataifa la Uhifadhi, IUCN, miongoni mwa wanyama walio katika hatari ya kuangamia. Wa tatu ni yule mdogo mwembamba anayeruka na kujizungusha hewani kama pia. Huyu huwinda usiku katika maji ya kina kirefu, na mchana hukaribia ufuo ili apumzike.

Wanapopatikana

Nchini Kenya, mahali panapojulikana zaidi kwa ziara za pomboo ni Hifadhi ya Bahari ya Kisite-Mpunguti katika Kaunti ya Kwale, karibu na mpaka wa Tanzania. Hifadhi hiyo ina sehemu mbili: Mbuga ya Kisite, yenye ukubwa wa kilomita 28 mraba, ambamo uvuvi hauruhusiwi kabisa, na Hifadhi ya Mpunguti, yenye kilomita 11 mraba, ambamo uvuvi wa kienyeji unaruhusiwa. Zote husimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS.

Msafiri hufika huko kwa kuvuka kivuko cha Likoni, kupita Ukunda na Msambweni, na hatimaye kuingia katika kijiji cha Shimoni, ambacho pia kinajulikana kwa mapango yanayohusishwa na historia ya biashara ya utumwa. Hapo ndipo mashua zinapong'oa nanga. Kwa kawaida ziara huchukua nusu siku au zaidi. Mashua hupita mlango wa bahari zikiwatafuta pomboo, kisha hutia nanga Kisite ili wageni waogelee juu ya miamba ya matumbawe, na baadaye hurejea kisiwani Wasini kwa chakula cha mchana.

Kaskazini mwa Mombasa kuna Watamu, ambako mbuga ya bahari ilitangazwa mwaka 1968 sambamba na ile ya Malindi. Hizo ndizo zilizokuwa za kwanza za aina hiyo nchini Kenya. Mbali na pomboo, Watamu imejipatia sifa kwa sababu ya nyangumi wa nundu ambao hupita katika pwani yetu hasa kuanzia Julai hadi Septemba. Nyangumi hao hutoka katika maji baridi ya Antaktika kuja kuzaa na kujamiiana katika maji yenye joto. Nyangumi mkubwa wa aina hiyo huweza kuwa na urefu wa mita 15 na uzito wa tani 30 hivi.

Nchini Tanzania, kijiji cha Kizimkazi kilicho kusini mwa kisiwa cha Unguja ndicho maarufu zaidi. Bahari inayokizunguka imo ndani ya eneo la hifadhi la Ghuba ya Menai, lililotangazwa mwaka 1997.

Ikumbukwe kwamba bahari ina majira yake. Wakati wa upepo wa kusi, kuanzia mwezi wa Aprili hadi Septemba, mawimbi huwa makubwa na baadhi ya ziara za Kisite huahirishwa. Wakati wa kaskazi, kuanzia Novemba hadi Machi, bahari hutulia na maji huwa maangavu. Kwa hivyo msafiri wa likizo ya Desemba ana nafasi nzuri ya kuwaona pomboo, lakini asitarajie nyangumi. Anayetaka nyangumi hana budi kusafiri likizo ya Agosti na kuvumilia mawimbi.

Mafunzo ya Kizimkazi

Historia ya Kizimkazi inafaa kuzingatiwa kwa makini, kwa sababu inaonyesha faida na hasara za utalii huu.

Kabla ya miaka ya 1990, wavuvi wa eneo hilo walikuwa wakiwawinda pomboo, na sehemu kubwa ya nyama yake ilitumiwa kama chambo cha kunasia papa. Kuanzia mwaka 1992, wageni walianza kufika kijijini na kulipa fedha ili wapelekwe kuwaona wanyama hao. Haukupita muda mrefu kabla ya wenyeji kutambua kwamba pomboo aliye hai ana thamani kubwa kuliko chambo. Uwindaji ukakoma, na waliokuwa wavuvi wakageuka kuwa waongozaji wa watalii. Bila shaka huo ulikuwa ushindi kwa mnyama na kwa mwanakijiji.

Lakini baada ya dhiki hiyo kuondoka, dhiki nyingine ilibisha hodi. Idadi ya mashua iliongezeka bila utaratibu. Pomboo wakionekana mahali, kila mashua iliyo karibu hukimbilia hapo, wageni huruka majini mbele ya kundi, wanyama huzama na kuibukia mbali, wageni huitwa warudi garini pa majini, na mbio huanza upya.

Watafiti waliochunguza pomboo wa Kizimkazi kati ya mwaka 1999 na 2002 walikadiria kwamba wale wa mdomo wa chupa walikuwa kati ya 136 na 179 pekee. Hilo si kundi kubwa. Ni idadi inayoweza kutoshea katika madarasa manne ya shule ya msingi.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba majike wa kundi hilo hubadilisha mwendo na namna yao ya kupiga mbizi wanapozongwa na mashua na waogeleaji. Uchunguzi mwingine, uliochapishwa mwaka 2010, ulibaini kwamba mashua za watalii zinapokuwapo, muda ambao pomboo hutumia kupumzika, kula na kuchangamana hupungua, ilhali muda wa kusafiri huongezeka. Kwa maneno mengine, mnyama hula kidogo, hupumzika kidogo, na wakati huo huo hutumia nguvu nyingi zaidi.

Mtu anaweza kuuliza: je, kuna ubaya gani pomboo akisumbuliwa kwa dakika ishirini? Jibu ni kwamba si dakika ishirini. Mashua ya kwanza ikiondoka, ya pili huwa imefika, na ya tatu i njiani. Kinachoonekana na mgeni kuwa ni tukio fupi la mara moja maishani, kwa pomboo ni adha ya kila siku, asubuhi hadi adhuhuri, msimu mzima. Mama anayenyonyesha asipokula vya kutosha, maziwa hupungua, na mtoto ndiye anayebeba gharama.

Yaliyotokea kwingineko

Hofu hii si nadharia tupu. Katika Ghuba ya Shark, magharibi mwa Australia, wanasayansi walilinganisha idadi ya pomboo kabla na baada ya mashua za utalii kuongezeka. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kwamba mashua za utalii zilipoongezeka kutoka moja hadi mbili, pomboo katika eneo hilo walipungua kwa asilimia 14.9, yaani takriban mmoja katika kila saba. Serikali ya huko iliondoa leseni moja kati ya mbili zilizokuwapo. Linganisha mashua mbili hizo na msururu unaoonekana katika bahari yetu siku za sikukuu.

Nchini New Zealand, mamlaka za uhifadhi zilipiga marufuku kuogelea na pomboo katika Ghuba ya Visiwa mwaka 2019. Wakati huo ilielezwa kwamba idadi yao ilikuwa imeshuka kwa asilimia 66 tangu mwaka 1999, na kwamba watoto watatu kati ya kila wanne waliozaliwa walikuwa wakifa. Mnamo 2021, Marekani nayo ilikataza watu kuwakaribia kwa umbali wa chini ya mita 45 pomboo wanaojizungusha katika visiwa vya Hawaii, kwa sababu walikuwa wakinyimwa usingizi wa mchana.

Haimaanishi kwamba mashua ndizo adui pekee. Katika bahari yetu, nyavu za jarife huwanasa pomboo wengi ambao hufa kwa kukosa pumzi. Mnamo Aprili 2006, mamia ya pomboo walipatikana wamekufa katika ufuo wa Nungwi, kaskazini mwa Unguja, tukio lililowashtua wenyeji na wataalamu. Ila maadamu hatari nyingine zipo tayari, ndivyo inavyozidi kuwa muhimu kwa mgeni asiongeze yake.

Anayemsukuma nahodha

Ni rahisi kumlaumu nahodha. Lakini tutazame mambo yanavyokwenda kwenye gati.

Nahodha hununua mafuta ya injini kwa fedha zake au za tajiri wake. Abiria nao wamesafiri zaidi ya kilomita 600 kutoka Karatina, wengine kwa mara ya kwanza maishani, na mtu aliyewauzia ziara mjini amewaahidi kwamba watawaona pomboo, tena kwa karibu. Wasipowaona, watanung'unika na pengine kudai warudishiwe fedha. Wakiwaona kwa mbali huku mashua ya jirani ikiwa karibu zaidi, watapiga kelele: "Songea! Songea!" Mwisho wa safari, bakshishi humwendea yule aliyewafikisha karibu zaidi.

Katika hali hiyo, nahodha anayefuata kanuni huonekana mbaya, na anayezivunja huonekana hodari. Hata askari wa wanyamapori wakiwa makini vipi, hawawezi kuwa katika kila wimbi. Ndiposa tunasema kwamba dawa ya kwanza haiko baharini. Iko katika mkutano wa chama pale Karatina, siku ambapo ratiba ya safari inajadiliwa na fedha kukusanywa. Kikundi kinachosema mapema kwamba hakitaki kufukuza wanyama humwondolea nahodha mzigo huo.

Jambo hili halipaswi kuwa geni kwa watu wa Nyeri. Katika msitu wa Aberdare, hoteli ya Treetops ilianzishwa mwaka 1932 kwa wazo moja rahisi: mgeni akae juu ya mti, anyamaze, na wanyama waje wenyewe kunywa maji na kulamba chumvi. Ni humo ambamo Elizabeth wa Uingereza alikuwa amelala Februari 1952 babake alipofariki na yeye kurithi ufalme. Wageni wa mataifa mengi walifika hapo na hakuna aliyewakimbiza ndovu kwa gari ili apate picha nzuri.

Vilevile, wakazi wa vijiji vinavyopakana na msitu wa Mlima Kenya wanajua kwamba ndovu jike mwenye mtoto hasogelewi. Adabu ambayo mlimani hudumishwa kwa sababu ya hofu, baharini inafaa kudumishwa kwa sababu ya heshima, maana pomboo hana pembe za kumfukuza anayemwudhi. Anachoweza ni kukimbia tu. Wahenga nao walinena kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika maji yale, mwenyeji ni pomboo.

Kabla ya kulipa

Msafiri anayetaka kufanya ziara hii kwa njia ifaayo anaweza kuanza kwa kuuliza maswali machache kabla ya kutoa fedha zake.

Kwanza, aulize kama mwenye mashua anahakikisha kwamba pomboo wataonekana au kwamba wageni wataogelea nao. Anayetoa ahadi kama hiyo hana budi kuwafukuza wanyama ili aitimize. Mkweli atasema kwamba huonekana mara nyingi, lakini bahari haina mkataba na mtu.

Pili, aulize mashua itakaa na kundi kwa muda gani, na nahodha atafanya nini akikuta mashua nyingine zimetangulia. Jibu zuri ni kwamba atasubiri kwa mbali au ataendelea na safari hadi kwenye matumbawe.

Tatu, aulize kuhusu usalama wa abiria. Je, kuna jaketi la kujiokoa kwa kila mmoja, wakiwemo watoto? Swali hili lina uzito wa pekee kwa watu wa milimani, ambao wengi wao hawakukulia karibu na maji ya kuogelea. Maji ya mlango wa bahari wa Wasini yana mkondo wenye nguvu, na mtu anayeruka kumfuata pomboo anaweza kujikuta mbali na mashua kufumba na kufumbua.

Nne, ahakikishe kwamba ada ya kuingia katika mbuga imelipwa kwa KWS na si mkononi mwa mtu. Siku hizi malipo hayo hufanywa kupitia mfumo wa serikali wa eCitizen.

Mkiwa baharini

Miongozo inayotumika katika nchi mbalimbali hutofautiana kidogo, lakini misingi yake ni ile ile. Nchini Australia, kwa mfano, mashua haitakiwi kuwasogelea pomboo zaidi ya mita 50, wala nyangumi zaidi ya mita 100, na hazitakiwi mashua zaidi ya tatu kuwa karibu na kundi kwa wakati mmoja. Mita 50 ni nusu ya urefu wa uwanja wa soka. Kwa umbali huo, pezi, mgongo na hata pumzi ya pomboo huonekana na kusikika vyema.

Mashua inapaswa kuwakaribia kutoka ubavuni, kwa mwendo wa polepole, ikielekea kule wanakoelekea. Haifai kuwakinga kwa mbele wala kuwafuata nyuma kwa kasi, na haifai kamwe kupita katikati ya kundi, kwani hilo huweza kumtenganisha mtoto na mamaye. Pomboo wenyewe wakiamua kuja kucheza kwenye wimbi la omo, nahodha ashikilie mwendo na mwelekeo wake bila kugeuka ghafla.

Abiria nao wanaweza kujifunza kusoma dalili. Kundi lililoridhika huendelea na shughuli zake kana kwamba mashua haipo. Kundi lililosumbuliwa hubadilisha mwelekeo ghafla, hukusanyika kwa kubanana, huzama kwa muda mrefu zaidi, hupiga maji kwa mkia, au majike hujiweka kati ya mashua na watoto. Dalili hizo zikionekana, wakati wa kuondoka umewadia. Inatosha abiria mmoja kusema kwa upole, "Nahodha, twende taratibu, hatuna haraka," na mara nyingi manahodha huyapokea maneno hayo kwa faraja.

Kuhusu kuogelea, ushauri ulio salama ni kuwatazama pomboo kutoka kwenye mashua na kuogelea kwenye matumbawe ya Kisite. Huko maji ni maangavu, samaki wa kila rangi wamejaa, na pengine kasa atapita chini yako. Aliyevaa miwani ya majini na bomba la kupumulia hatakosa la kusimulia atakaporejea nyumbani. Asikanyage matumbawe, kwa kuwa ni viumbe hai vinavyokua polepole mno.

Iwapo pomboo watamjia mtu ambaye tayari yumo majini, atulie, asiwanyoshee mkono wala kuwafukuza. Pomboo ni mnyama wa mwituni mwenye nguvu nyingi na meno makali, na anaweza kumwumiza mtu. Aidha, magonjwa huweza kuambukizwa kati ya binadamu na wanyama hao kwa njia ya mguso na pumzi. Kuwalisha nako ni kosa, kwa sababu pomboo aliyezoea chakula cha watu husogelea injini na nyavu na hatimaye huangamia.

Nguva na somo la kuchelewa

Iwapo kuna anayedhani kwamba bahari haiwezi kuishiwa na wanyama, na amtazame nguva. Mnyama huyu mpole anayekula nyasi za baharini alikuwa akionekana katika sehemu nyingi za pwani ya Afrika Mashariki. Nyavu, uwindaji na kuharibiwa kwa malisho yake vimempunguza kiasi kwamba Desemba 2022, IUCN ilitangaza kwamba nguva wa Afrika Mashariki wamo katika hatari kubwa mno ya kuangamia, na kwamba wakubwa waliobaki hawafikii 250. Mkenya mwenye umri wa miaka 30 leo yamkini hatamwona nguva hai katika maisha yake yote.

Pomboo hawajafika huko, na hakuna sababu ya kuwaacha wafike. Wapo watu ambao riziki yao inategemea kuwapo kwa wanyama hawa: manahodha wa Shimoni, wapishi wa Wasini, akina mama wa kisiwa hicho ambao hutoza ada ndogo kwa wageni wanaotembea juu ya daraja lao la mbao katikati ya mikoko na matumbawe ya kale. Pomboo wakihama kwa sababu ya kero, wageni nao watahama, na waliokuwa wakiishi kwa utalii watarudi kwenye nyavu.

Viongozi wa vyama na walimu wakuu wanaopanga safari za msimu ujao wana nafasi ya kuandika mstari mmoja zaidi katika makubaliano yao na mwenye mashua: kwamba wanyama watatazamwa kwa umbali, kwa muda mfupi, na kwamba wageni hawatadai kurudishiwa fedha iwapo pomboo hawataonekana. Mstari huo hauongezi gharama hata shilingi moja, na watoto wa Karatina watakaoteremka Pwani miaka ishirini ijayo watawakuta pomboo wangali pale.